Seva Naikodi, Swichi Anazo Mwingine

Mteja wangu mmoja wa Bunda anauza vifaa vya ujenzi, na anaamini mauzo yake yote yako ndani ya ile kompyuta ya mezani iliyojaa vumbi la saruji. Hayako humo. Yako Ujerumani, kwenye seva iliyofungwa ndani ya jengo ambalo sijawahi kulikanyaga, na anayeilipia kila mwezi kwa kadi ni mimi, nikiwa Musoma. Humo humo kuna hesabu za chama cha akiba na mikopo cha Bunda, matokeo ya mitihani ya shule za sekondari upande wa Butiama, na barua pepe za watu kadhaa wa hapa mjini. Mfumo ukisimama hakuna hata mmoja wao anayempigia Mjerumani. Wananipigia mimi, na wanapiga kwa pamoja.

Kuna jambo ambalo hata wenzangu wa fani hii hawaliamini mpaka liwakute: ukikodi seva nzima, hukukodi seva nzima.

Nieleze. Njia rahisi ni kukodi mashine pepe, yaani kipande cha kompyuta kubwa mnayogawana na wengine msiojuana. Sisi tulipanda ngazi tukakodi chuma chenyewe: prosesa yote, ramu yote, diski zote, bila jirani. Kwenye Linux ya seva hiyo mimi ndiye bwana mkubwa. Hakuna faili nisiloweza kulifuta. Lakini chini ya Linux kuna tabaka jingine linaloamka kabla yake. Ni famweya, ile programu iliyochomwa kwenye mazabodi, ambayo tumezoea kuiita BIOS ingawa mashine za sasa zinatumia UEFI. Hiyo ndiyo inayoamua diski ipi isomwe kwanza, prosesa iruhusiwe kufanya nini, umeme ukirudi mashine iwake au ibaki imelala. Ukinunua seva yako ukaiweka chini ya meza, inapowaka unabonyeza Delete au F2, unaingia, unabadili unachotaka. Ukiikodi, mara nyingi unaandika tiketi ukamwomba mtu. Ni sawa na kupanga nyumba nzima huku mita ya LUKU imefungiwa chumbani kwa mwenye nyumba.

Swichi inayosumbua wengi ni ile ya mashine pepe. Intel walianza kuweka uwezo huo kwenye prosesa zao mwaka 2005 wakauita VT-x. AMD wakafuata 2006, na kwenye menyu za mazabodi zao utaukuta kwa jina la SVM. Leo ni vigumu kupata prosesa ya seva isiyo nao, ila mazabodi nyingi za bei nafuu bado zinatoka kiwandani swichi ikiwa imezimwa. Basi unakabidhiwa seva mpya usiku, umeshalipa, unaweka Proxmox ili uigawe: mashine moja ya chama, moja ya shule, moja ya barua pepe. Unawasha ya kwanza, inagoma. Unafungua kumbukumbu za mfumo, unakuta mstari mfupi: kvm: disabled by bios. Prosesa inaweza, Linux inaweza, wewe unaweza, ila kuna mtu lazima atembee hadi kwenye kabati au afungue skrini yako kwa mbali, aende ukurasa wa tatu wa menyu, abadilishe neno moja.

Kwa aliye mbele ya mashine ni kazi ya dakika tano. Kwangu mimi ni foleni. Jibu la kwanza mara nyingi limeandikwa zamani na kunakiliwa: hatuhudumii mfumo endeshi wa mteja. Unajibu kwamba hujauliza habari za mfumo endeshi. Zamu inabadilika, fundi mpya hasomi yaliyo juu, anaiwasha upya seva bila kugusa chochote na kuandika kwamba sasa inafanya kazi. Inafanya kazi kweli, kwa maana ya kwamba inawaka.

Nikajifunza kuandika tiketi kama ninavyoandika hati ya malipo. Namba ya seva. Hali ilivyo sasa, na mstari wa kumbukumbu unaothibitisha. Jina la swichi kama lilivyoandikwa kwenye menyu ya mazabodi ile ile, siyo kama mimi ninavyoliita. Kwa hiyo kwanza naisoma aina ya mazabodi kwa amri ya dmidecode, natafuta kitabu chake kwenye tovuti ya mtengenezaji, naangalia ukurasa. Thamani ninayoitaka. Ruhusa ya kuzima, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Mwisho naandika sentensi ambayo naona ina thamani kuliko zote: usibadilishe kitu kingine chochote, na tafadhali usirudishe mipangilio ya kiwandani. Nimeiongeza hiyo kwa sababu kuna mafundi ambao wakiona BIOS ya mteja ina mambo wasiyoyaelewa, hatua yao ya kwanza ni kubonyeza kile kitufe cha kurudisha yote kama yalivyotoka dukani. Uliomba swichi moja iwashwe, unarudishiwa mashine ambayo nyingine zote zimehama.

Na hapo kwenye saa pia pana kazi. Mama meneja wa chama akiniambia nizime saa tatu usiku, huo ni muda wa Bunda na wa saa yetu. Ujerumani wao wako nyuma yetu saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi. Nimeacha kutaja saa ya kwetu wala ya kwao. Naandika UTC peke yake, na jina la siku na tarehe kwa maneno. Kiingereza cha pande zote mbili ni cha kujifunzia shuleni, changu cha Mara, chao pengine cha Saxony au Poland, kwa hiyo sentensi zikiwa fupi tunaelewana.

Kampuni nyingine zinakupa nafasi ya kujifanyia mwenyewe. Fundi anachomeka kijisanduku cha KVM kwenye seva yako (jina tu limefanana na ile kvm ya Linux), kinapiga picha ya skrini na kuileta hadi kwenye kivinjari chako, na unachobonyeza Musoma kinabonyezwa kule. Unapewa kwa saa chache, zikiisha anakichomoa apeleke kwa mwingine. Kwa maelezo ya mauzo ni huduma safi. Sasa njoo ukae nami usiku ukitumie. Data ninayotumia ni ya simu. Hata siku njema, kubonyeza na kuona matokeo kunachukua zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na siku mbaya picha inafika vipande vipande. Seva yenye ramu nyingi ya ECC inajikagua kwa dakika kadhaa ikiwa na skrini nyeusi. Kisha picha inatokea ghafla, na kijisanduku chenyewe kinachelewa kuitambua kwa sababu ukubwa wa skrini umebadilika. Kikishaitambua, muda wa kubonyeza Delete umepita na Linux imeanza kuwaka. Unaanza upya. Dawa ni kubonyeza mfululizo tangu skrini ikiwa nyeusi, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyojua kama ina watu, na kuomba umeme wa mtaani usikatike katikati.

Umeme wenyewe si shida kubwa siku hizi kwa upande wangu, nina betri na inveta. Mtandao ndio hauna inveta. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Miezi michache kabla, Februari, nyaya zilikuwa zimekatika pia Bahari ya Shamu, kwa hiyo njia za kukimbilia zilikuwa tayari zimepungua. Huku Mara wengi walijua kwa sababu picha za WhatsApp ziligoma. Mimi nilikuwa na kijisanduku kilichokwisha chomekwa na saa zake zinakwenda. Seva ilikuwa imekaa kwenye ukurasa wa BIOS ikingoja mtu aiambie ihifadhi au iache. Sikuweza kufika. Muda ukaisha, kikachomolewa, na ikabidi niandike ujumbe mwepesi wa maandishi matupu, uliopita kwa shida, nikimwomba fundi abonyeze F10 tu. Alibonyeza. Huyo Mungu ambariki popote alipo.

Kisa kilichonichosha kuliko vyote ni cha seva iliyokuwa ikifa usiku. Mchana ilikuwa nzima kabisa. Mwisho wa mwezi, watu wa chama wanapofunga hesabu na walimu wanapakia alama, haikutetereka. Usiku, maduka ya Bunda yakishafungwa na shule zimelala, inaganda. Haizimi. Taa zinawaka, feni zinazunguka, ila haijibu kitu, wala haiachi mstari hata mmoja kwenye kumbukumbu. Asubuhi mhasibu ananipigia: "Kaka, mfumo umelala tena." Naingia kwenye ukurasa wa kampuni, nabonyeza kitufe cha kuiwasha upya kwa nguvu, inaamka kama haikutokea kitu.

Kampuni ikaipima. Kupima kwao ni kuichosha: wanaipa prosesa mahesabu mazito kwa saa nyingi, wanaijaza ramu, wanaangalia joto. Ikafaulu. Kwa uungwana wakabadilisha ramu. Ikaganda. Wakabadilisha pawasaplai. Ikaganda. Kila tiketi ilifungwa kwa maneno kwamba hakuna hitilafu iliyoonekana, na walikuwa wanasema kweli, kwa sababu ugonjwa ulikuja mashine ikiwa imepumzika. Hakuna kipimo chao kilichokuwa cha kuiacha tu ikae bila kazi na kuitazama.

Prosesa isiyo na kazi huingia usingizini kwa ngazi. Kila ngazi inazima sehemu zaidi na kupunguza umeme unaovutwa. Ya chini kabisa kati ya zinazotuhusu inaitwa C6. Ryzen za kizazi cha kwanza, zilizotoka mwaka 2017, zilijulikana sana miongoni mwa watu wa Linux kwa kuganda zikiwa zimepumzika, na watengenezaji wa mazabodi wakaongeza swichi inayoitwa Power Supply Idle Control. Ukiiweka Typical Current Idle, mashine haishuki chini mno kwenye matumizi ya umeme. Ryzen ni prosesa ya kompyuta za mezani. Lakini kampuni za kukodisha zinazipanga kwenye makabati kwa sababu bei yake ni nzuri, na sisi wa mikoani ndizo tunazozimudu.

Nikaomba swichi hiyo. Fundi wa kwanza akasema hana kitu kama hicho kwenye menyu. Kipo, ila kimefichwa ndani ya Advanced, kisha AMD CBS, na kwenye mazabodi nyingine hakitokei hadi famweya iboreshwe. Nikamtumia picha ya ukurasa wa kitabu. Mwingine akajibu kwamba mipangilio ya umeme haibadilishwi kwa ombi la mteja. Tukarudi kwenye ramu. Huku nyuma nikawa nimeizuia mashine isilale sana kwa upande wa Linux, kwa kuandika kizuizi kwenye mstari wa kuwashia. Ikapunguza kuganda, haikumaliza. Kwa hiyo kwa muda fulani nilikuwa na programu ndogo iliyokaa ikihesabu namba bure usiku kucha ili prosesa isipate usingizi. Umeme ni wa Mjerumani na kodi yangu haibadiliki, kwa hiyo hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni mhasibu wa chama kuanza kuwaambia wanachama kwamba mfumo wa fundi wa Musoma ni mbovu.

Hatimaye tiketi ikaangukia zamu ya usiku, kwa mtu ambaye nadhani alishakutana na jambo hilo kwingine. Aliandika sentensi mbili: ameboresha famweya, ameweka Typical. Seva haikuganda tena. Hakuna kifaa kilichokuwa kibovu tangu mwanzo. Ramu na pawasaplai zilizotolewa zilikuwa nzima, na bila shaka zimefungwa kwenye mashine ya mtu mwingine.

Usidhani basi kwamba swichi ikishawekwa imewekwa. Mipangilio ya famweya haikai kwenye diski, inakaa kwenye mazabodi. Mazabodi ikifa, kampuni inabadilisha bila kulipisha, na kwa hilo sina neno. Lakini mpya inakuja na mawazo ya kiwandani. Mashine pepe zimezimwa tena. Mpangilio wa kuwaka unaanza kutafuta mtandao kabla ya diski. Kadi ya mtandao ni mpya, ina namba mpya ya MAC, Linux inaiita jina tofauti, na faili la mtandao bado linasubiri jina la zamani. Seva imewaka vizuri kabisa na haifikiki kutoka popote duniani. Fundi anaona skrini ina maandishi, anafunga tiketi. Wewe uko Nyasho, hapa Musoma, saa kumi alfajiri, unaandika tiketi nyingine.

Na kuna baya zaidi ya hilo. Chama kinashika taarifa za watu: majina, namba za NIDA, nani anadaiwa kiasi gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inambana anayezishika, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Ndiyo maana diski zimefungwa kwa usimbaji. Mtu akiichomoa diski akaenda nayo nyumbani haoni kitu. Ili seva iweze kuwaka yenyewe bila mtu kuandika nywila, ufunguo unahifadhiwa kwenye kijisehemu kiitwacho TPM. Kila mashine inapowaka, vipimo vya famweya na mipangilio yake huandikwa ndani ya TPM, nayo ikiona vimebadilika haitoi ufunguo. Ndiyo kazi iliyowekewa. Fundi akizima Secure Boot, ile kinga ya famweya inayothibitisha kinachowashwa, kwa nia njema, au akiboresha famweya bila kukuambia, seva inaamka inakutazama na kuuliza nywila. Mazabodi ikibadilishwa, TPM yenyewe inaweza kuwa imeondoka nayo.

Kwa hiyo kuna ufunguo wa akiba, mlolongo mrefu wa herufi, nao umeandikwa kwenye karatasi, ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye kabati la chuma la meneja, Bunda. Kuna usiku nimelazimika kumpigia. "Shikamoo mama, samahani kwa saa hizi." "Marahaba mwanangu. Wezi wameingia?" "Hapana mama, ni fundi wa Ujerumani." Akamwamsha mwanawe, wakaenda ofisini na tochi na mlinzi, akanisomea herufi kundi kwa kundi huku mlinzi anauliza tunasoma dua gani. Kesho yake nikatengeneza ufunguo mwingine, wa zamani nikaufuta, karatasi mpya nikaipeleka mwenyewe. Tangu hapo mama meneja ndiye mteja wangu pekee anayejua BIOS ni nini.

Jambo hilo la Secure Boot halijaisha, na wengi hawalioni likija. Vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011, ambavyo mashine nyingi zinavitegemea kuthibitisha kinachowashwa, hata za Linux, ukomo wake unaanzia Juni 2026. Vipya ni vya 2023. Kwenye baadhi ya mazabodi unaweza kuviingiza ukiwa ndani ya mfumo endeshi. Kwenye nyingine inahitajika famweya mpya, yaani tiketi nyingine, na vipimo vya TPM kubadilika tena.

Nisiwaonee wenye seva. Wanazificha swichi hizi kwa sababu inayoeleweka. Februari 2019 watafiti wa Eclypsium walieleza walivyokodi seva nzima kwenye huduma ya IBM, wakabadilisha kitu kidogo sana kwenye famweya ya BMC, wakairudisha, kisha wakaikodi ile ile tena. Badiliko lao lilikuwa bado lipo. BMC ni kijikompyuta kilichomo ndani ya seva, kinachobaki macho hata seva ikizimwa, na ndicho kinachoruhusu kuwasha, kuzima na kuona skrini ukiwa mbali. Dell wanakiita iDRAC, HPE wanakiita iLO. Mpangaji mwenye nia mbaya akiacha kitu humo, anayehamia baada yake amekwisha kabla hajaandika nywila ya kwanza. IBM walitangaza kwamba famweya hiyo inaandikwa upya kabla seva haijakabidhiwa kwa mteja mwingine. Kwa hiyo kampuni ikiniambia hainipi nywila ya BIOS kwa ajili ya usalama wa atakayenifuata, siwezi kubisha. Nami nilimfuata mtu.

Swali ni kama wao wenyewe wanazisafisha. Niliwahi kukabidhiwa seva iliyotangazwa kuwa na nyuzi kumi na sita za prosesa. Amri ya lscpu ikaniambia nane. Prosesa ilikuwa ile ile niliyolipia, ila aliyenitangulia alikuwa ameomba uzi wa pili wa kila kiini uzimwe. Baada ya udhaifu wa prosesa za Intel uliotangazwa kuanzia 2018, Spectre na Meltdown mwezi Januari na L1TF mwezi Agosti, watu makini wengi walifanya hivyo, na huenda alikuwa na sababu nzuri. Hakuna aliyeirudisha alipoondoka. Mteja asiyeangalia angelipa mwezi baada ya mwezi akilalamika kwamba seva za siku hizi ni nzito. Tangu hapo siku ya kwanza ya seva yoyote siweki hata faili moja la mteja mpaka nimeipekua: nyuzi ngapi, ramu kiasi gani na kwa kasi gani, famweya ya tarehe ipi, mashine pepe zinaruhusiwa au la. Kasoro nikiikuta siku hiyo wanairekebisha mara moja, maana bado wanaweza kunipoteza. Baada ya mwezi mmoja nimeshahamia, na wao wanalijua hilo.

Wapo wanaoniambia nirudishe kila kitu nyumbani. Shule moja upande wa Butiama ilifanya hivyo: ina seva yake, imekaa ofisi ya taaluma, juu ya kabati. Hiyo naingia BIOS yake wakati wowote nikiwa mbele yake, na hapo ndipo neno limelala. Seva ile ilipofungwa na aliyeiuza, swichi ya nini kifanyike umeme ukirudi iliachwa kwenye kubaki imezimwa. TANESCO wakikata na UPS ikichoka, umeme unarudi, taa za darasa zinawaka, seva inabaki kimya. Mwalimu wa taaluma ana kibali cha kuingia kwenye mfumo ila hataki kubonyeza kitufe kwenye mashine ya mamilioni, na simlaumu. Napanda gari Musoma, nashuka Makutano, natafuta pikipiki hadi Butiama kwenda kubonyeza kitufe. Swichi nimeshaibadilisha sasa. Lakini betri ya mazabodi ilipochoka, ile ya duara ya CR2032 inayouzwa hata kwenye maduka ya saa, mipangilio yote ilifutika umeme ulipokatika, na tukarudi tulipoanzia, saa ya mashine ikiwa nyuma kwa miaka na kivinjari kikikataa kila cheti. Kuishika swichi mkononi ni nafuu kubwa, ila haimaanishi itakaa ulipoiweka.

Kwa hiyo bado nakodi nje, na nitaendelea. Umeme wao haukatiki, diski zao zinabadilishwa siku hiyo hiyo, bei naiweza. Ninachowaomba wakodishaji, wa huko na wa kwetu wanaoanza Dar es Salaam na Nairobi, ni kidogo. Mmeshatuwekea kwenye ukurasa wa mteja kitufe cha kuwasha upya. Ongezeni hapo hapo zile swichi chache zinazoombwa kila siku: mashine pepe, uzi wa pili wa prosesa, usingizi wa prosesa, mpangilio wa kuwaka, Secure Boot, na umeme ukirudi iweje. Zilizobaki fungeni. Mazabodi ikibadilishwa, mipangilio ya zamani irudishwe kabla tiketi haijafungwa; mnayo picha yake, au mngepaswa kuwa nayo.

Na wewe mwenye duka, chama au shule hapa Mara unayelipia mfumo kila mwezi, muulize fundi wako wiki hii mambo mawili: BIOS ya seva inayobeba kazi zako inafunguliwa na nani, na ufunguo wa akiba wa diski zako uko wapi. Akujibu kwa maandishi. Bila hayo, malipo ya mwezi ujao yasubiri.